Viazi Visivyochimbwa

Juzi nilikwenda Eldoret kutafuta mbolea, nikarudi na maua. Si maua hasa, lakini ndivyo yalivyouzwa. Kando ya barabara kuna mama anayeuza miche, mmoja wa wale wauzaji ambao huwezi kuwapita bila kuitwa kwa jina ambalo si lako. Aliniinulia chungu chenye marando ya zambarau, karibu meusi, yaliyofurika ukingoni na kuning'inia mpaka chini. "Kastoma wangu, hii ni kitu mpya kabisa," akasema. "Imetoka ng'ambo. Watu wa maana wanaweka kwa varanda."

Nikamwomba ruhusa, nikachuma jani moja na kuvunja kikonyo chake. Utomvu mweupe ukatoka, ukaninata kidoleni, na harufu ikaja, ile harufu mbichi ya kitu cha kijani ambacho hakijaonja moto. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka mama wa watu akavuta chungu chake nyuma kidogo, asije akauza mali kwa mtu asiye timamu. Kitu kipya! Mimi nilitumwa kumwagilia hicho kitu kipya kabla sijang'oka meno ya utoto, tena Lodwar, mahali ambapo hata mjusi husubiri jua lipungue ndipo avuke njia.

Mama yangu alitoka Kimilili, ambako mvua hunyesha bila kuombwa. Baba ni Mturkana wa Lodwar, na siku hizo aliendesha lori la samaki wakavu kutoka Kalokol kwenda kuuza huko juu, upande wa kwao mama. Mama alipenda kusema kwamba alimpenda baba licha ya ile harufu, na baba alipenda kujibu kwamba ni harufu ndiyo iliyomvuta. Alipoolewa alikuja na cherehani yake, na kifurushi cha marando ya viazi vitamu kilichoviringishwa ndani ya gunia bichi. Yalikuwa ya aina mbili, ya zambarau na ya rangi ya ndimu. Kwao waliyapanda kuzunguka nyumba kwa ajili ya uzuri tu. Ukichimba chini yake unapata mizizi myembamba yenye nyuzi ambayo hata ukiichemsha kutwa haiwi chakula.

Yaani alikuja kwenye nchi kavu akiwa na viazi ambavyo havichimbwi. Jambo hilo liliwasumbua majirani kuliko kabila lake.

Tulikaa kwenye chumba cha mabati karibu na soko, na pande zote mbili za mlango mama alitengeneza matuta, akayazungushia mawe ya mtoni. Udongo wetu ulikuwa mchanga mtupu, kwa hiyo aliuchanganya na mavi ya mbuzi yaliyokaa muda mrefu mpaka yakapoa. Nje ya mawe alizungusha matawi ya mti wa mathenge yenye miiba, maana mbuzi wa Lodwar hula hata katoni. Wewe wa rika langu unayakumbuka maji ya enzi hizo, jinsi yalivyokuwa na vyeo. Kwanza yalikuwa ya kunywa, kisha ya kupikia. Yaliyoosha mchele yaliosha sufuria, yaliyofua nguo za mama yalifua zangu, mimi nikanawa miguu humo, na mabaki yenye povu ndiyo yakaenda kwenye viazi. Kazi hiyo ya mwisho ilikuwa yangu.

"Pole pole, Akiru," mama alikuwa akiniambia. "Mwagia chini, si kwa majani. Unataka kuyapika?"

Adhuhuri majani yalilala chini kama nguo iliyolowa. Mwanzoni nililia, nikidhani yamekufa. Jioni yakainuka tena, yakajaza mlango mzima kwa zambarau na ndimu, na watu waliotoka sokoni wakasimama kuangalia. Kwa muda mrefu niliamini kwamba majani hayo hufa kila siku na kufufuka kila siku, na kwamba mama ndiye anayeyafufua.

Mtu ambaye hakuamini lolote alikuwa Ata. Ata ni bibi, mama yake baba, aliyekuja kwetu kutoka Kaaleng baada ya ukame kumaliza mifugo yake. Alijijengea kibanda chake cha matawi nyuma ya chumba chetu, akabaki na mbuzi wachache na ulimi mkali. Mama hakujua Kiturkana vizuri, kwa hiyo wawili hao waliteta kwa Kiswahili, kila mmoja na chake.

"Mama Akiru," Ata aliuliza kila asubuhi, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, "hii majani yako itazaa nini?"

"Haizai kitu, Ata. Ni ya kupendeza."

"Inakunywa maji kuliko ngamia, na haizai kitu." Akatema mate pembeni. "Hata mimi ni ya kupendeza. Leta hiyo maji hapa."

Mama alicheka, akampa chai. Hivyo ndivyo walivyopendana, ingawa mimi nilihitaji miaka mingi kutambua kwamba kule ni kupendana.

Halafu Kakuma ikawa mji. Watu waliokimbia vita vya Sudan walikuwa wakifika kila kukicha, na mahali penye watu wengi panahitaji maji. Baba aliacha samaki, akapata kazi ya kuendesha lori la tangi la maji huko. Mwanzoni alikuja kila mwisho wa mwezi, akanuka dizeli badala ya samaki, akanibeba mabegani mpaka sokoni. Nililala nikiwa nimemshika shati. Nilipoamka hayupo, kwa sababu malori yalitoka alfajiri. Siku hizo niliichukia asubuhi kama wengine wanavyochukia dawa.

Safari yake ya mwisho waligombana. Ilikuwa jioni, mimi nikiwa nje nanawa miguu, na mabati hayaweki siri.

"Tuhame wote," mama alisema.

"Wapi? Kakuma?" Baba alicheka bila furaha. "Mama Akiru, kule ni upepo na vumbi. Nalala kwa chumba kama sanduku. Huko hakuna hata jani moja la kukufurahisha macho. Utakaa siku mbili, ya tatu unitukane."

"Ama kuna mtu unamficha?"

"Kungekuwa na mtu, si ningenona? Niangalie."

Kwa kweli alikuwa amekonda, na siku nyingine mama angecheka. Siku hiyo hakucheka. Asubuhi baba alikuwa ameshaondoka, kama kawaida, na nilipokwenda kumwagilia nikaona pengo kwenye tuta la zambarau, mahali ambapo rando moja nene lilikuwepo jana. Mama alilitazama, akasema ni mbuzi. Ata aliona mbuzi wake wanasingiziwa, akasimama kwenye mlango wa kibanda chake na kuwatetea mmoja mmoja, kwa majina, mpaka uji ukapoa.

Baada ya hapo baba hakuja. Mwisho wa mwezi ukapita, na mwingine. Alituma salamu na vitu kwa madereva, lakini yeye mwenyewe hakuja. Pale sokoni mama aliposhonea, wanawake wenzake walikuwa na habari zote. "Hao wanaume wa Kakuma," walisema, wakiuma uzi kwa meno, "kila mmoja ana nyumba ya pili. Wewe shona tu." Mama alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, asisikie.

Siku moja alirudi na mikebe. Unaikumbuka ile mikebe ya mraba ya mafuta ya kupikia, iliyokuja na msaada na kuishia kwenye kila soko la kaskazini? Ilikuwa ile. Aliipanga kivulini, akaitoboa matako kwa msumari na jiwe, akaweka kokoto chini na udongo wake wa mavi ya mbuzi juu. Kisha akachukua kisu, akaingia kwenye matuta na kuanza kukata. Kila kipande alikiacha na vifundo kadhaa, akang'oa majani ya chini, akakilaza mshazari ndani ya mkebe na kubakiza ncha tu nje. Vidole vyake vikawa vyeusi kwa utomvu. Hakuimba, na mama alikuwa mtu wa kuimba.

Ata na mimi tulimwangalia kutoka kwenye kibanda. Kwa Kiturkana, ambacho alikitumia nami peke yangu, Ata alikuwa mtu mwingine kabisa, mpole na mwenye maneno yaliyonyooka.

"Unaona anachofanya mama yako?" akaninong'oneza. "Kwetu mwanamke ndiye hujenga nyumba, na ndiye huivunja. Akikasirika, anaweza kupiga kelele mpaka jua litue na hakuna anayeogopa. Lakini akianza kupanga vyombo vyake ili punda abebe, ukae kimya. Huyo ameshakwenda."

Nikatazama. Ni kweli, tuta halibebeki, lakini mkebe unabebeka. Mama alikuwa akiyaweka majani yake kwenye vyombo vya kubebwa. Siku zilizofuata nilimwona akilegeza skrubu za cherehani na kukifunga kichwa cha mashine hiyo kwa blanketi. Nilimwona akikunja vitambaa. Sikumuuliza kitu, kwa sababu nilijua jibu na sikutaka kulisikia likitoka kinywani mwake. Anarudi kwao Kimilili. Na nilikuwa nimewasikia watu wazima mara nyingi wakisema kwamba mtoto ni wa kwao baba yake. Basi mama angekwenda na mikebe, mimi ningebaki na mbuzi.

Hofu ya mtoto haina mahali pa kwenda. Mimi niliila na uji, nikaiota, nikaamka nayo. Kisha siku moja nikapata wazo ambalo hadi leo naliona la busara kwa umri ule. Kama kinachokwenda ni kilicho ndani ya mkebe, basi niwe ndani ya mkebe. Nilitafuta kopo dogo la maziwa ya unga, nikajaza udongo, nikakata kipande cha rando la rangi ya ndimu kwa meno yangu, chungu ajabu, nikakilaza mshazari kama nilivyoona. Nikakinong'oneza jina langu. Halafu nikakiweka mwisho wa mstari, kikabanwa na mkebe mkubwa, mama asione kwamba kimeongezeka. Kila siku nilikipa maji mengi, mengi mno, kutoka kwenye kikombe changu mwenyewe.

Lori lilikuja asubuhi moja jua likiwa bado la upole. Dereva alikuwa Lokwang, aliyewahi kufanya kazi na baba enzi za samaki. Walipakia cherehani, godoro, sufuria, kisha mikebe, mmoja baada ya mwingine, na nikaona kopo langu likipanda pamoja na mingine, likiwa mikononi mwa Lokwang ambaye hakujali ni la nani. Mama akanishika kiunoni, akanirusha juu. "Kaa hapo katikati, ushike hayo majani yasianguke," akasema.

Nakwenda! Sikuachwa! Nilikaa katikati ya ile mikebe na kuikumbatia mingi kadiri mikono yangu ilivyofika. Ndipo nikamwona Ata amesimama chini, fimbo mkononi, na furaha yangu ikaingia doa. Halafu nikamkumbuka baba, ikaingia doa kubwa zaidi. Tukishafika Kimilili, baba angenitafuta wapi?

Ata hakuwa amesimama kuaga. Alikuwa na ngozi yake ya kulalia begani na kile chombo chake cha mti cha kukamulia maziwa, na mbuzi wake alikuwa ameshawakabidhi kwa jirani. Alimrushia Lokwang ngozi na kuanza kupanda gurudumu.

"Ata, unaenda wapi?" mama akauliza.

"Wewe unaenda wapi?"

Mama akamtazama dereva, akawatazama majirani waliokuwa wamejaa pale kama wako harusini.

"Basi," Ata akasema. "Kama ni kwenu, mimi naenda kwenu. Kama ni kwa mtoto yangu, naenda kwa mtoto yangu. Mimi si mzigo nzito."

Mama aliuma mdomo. Nilidhani atalia. "Panda, Ata," akasema, akazunguka akaingia mbele kwa dereva.

Mtoto yeyote wa Lodwar anajua kwamba mji wetu uko kati ya mito miwili. Ukielekea Kawalase, ule mto wa mchanga, unakwenda Kitale, na baada ya Kitale unafika kwa kina mama. Ukielekea daraja la Turkwel, unakwenda Kakuma. Hakuna haja ya kumuuliza mtu. Lori litasema lenyewe.

Lori likaelekea Kawalase.

Ata alifumba macho. Aliushika mkono wangu, na kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu. "Wacha," alisema kwa Kiturkana. "Watu wa huko pia wana ng'ombe. Nimesikia wana ng'ombe wanono." Nikaanza kulia, kwanza kimya, kisha kwa sauti, lakini injini ilikuwa kubwa kuliko mimi. Tuliteremka mchangani. Lori likapunguza mwendo, likasimama, na Lokwang akashuka kuwaamkia watu waliokaa kando ya njia na magunia.

Mkaa. Alikuwa amepitia mkaa! Walipakia yale magunia nyuma yetu huku wakipiga soga kana kwamba hakuna mtu anayekufa pale juu. Kisha lori likanguruma, likarudi nyuma, likageuka pale pale mchangani kwa shida, likapanda kuelekea mjini. Tukapita soko. Tukapita wale wanawake wa cherehani, wakaacha kushona na kukodoa macho. Tukafika darajani, nikasikia magurudumu yakibadilisha sauti, nikanusa maji ya Turkwel na tope la chini ya mikoma. Tulikuwa tunavuka!

"Ejok!" Ata akapiga kelele, akinipiga mgongo. "Ejok noi!" Yaani vizuri, vizuri sana. Akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso, ambayo kwetu ni baraka, na akacheka nikaona meno yote aliyobakiwa nayo. "Mama yako ni mjinga kidogo," akasema, "lakini anajua njia."

Barabara ya Kakuma siku hizo ilikuwa mashimo yaliyounganishwa kwa vumbi. Jua lilipopanda, majani yakaanza kulala moja moja ndani ya mikebe. Nilimwangalia Ata, adui wa yale majani tangu nimjue, akifungua shuka lake na kulitandaza juu ya mikebe kama kivuli. Baadaye akachukua kibuyu chake cha maji ya kunywa, akanywa kidogo, akanipa nikanywa, na yaliyobaki akayagawa kwenye mikebe kwa kiganja. "Usimwambie mama yako," akaniambia.

Tulifika alasiri. Chumba cha baba kilikuwa kwenye mstari wa vyumba vya mabati, karibu na mahali malori yalipoegeshwa, na yeye mwenyewe alikuwa amelala chini ya lori la tangi akitengeneza kitu. Tuliona miguu tu. Mama alishuka, akarekebisha leso yake, akaenda kusimama mbele ya ile miguu.

"Hodi," aliiambia miguu.

Miguu ikakaa tuli. Kisha baba akajivuta nje, grisi mpaka masikioni, akamwona mama, akaniona mimi, akamwona mama yake mwenyewe ameketi juu ya gunia la mkaa, akaiona mikebe yenye majani.

"Ulisema huku hakuna hata jani," mama alisema. "Nimeleta."

Baadaye sana ndipo mama aliponieleza kwa nini hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba akilitaja jina la Kakuma kwa sauti, dereva fulani atatangulia na habari, na kama kuna mwanamke atafichwa, au baba atatuma neno la kumkataza. Alitaka kuona kwa macho yake. Nami siku ile niliyaona macho yake yakipita kando ya baba, yakaingia chumbani kupitia mlango uliokuwa wazi. Sahani moja. Kikombe kimoja. Kitanda cha kamba cha mtu mmoja, na shati la baba msumarini. Mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua debe la maji.

"Kuja uone," baba alisema.

Alituongoza nyuma ya chumba. Pale kivulini, juu ya tofali, kulikuwa na mkebe wa mafuta kama yetu, na ndani yake rando nene la zambarau lisilo na majani, limebaki mti mtupu kama mguu wa kuku. Mama aliweka mkono mdomoni. Mimi nikalikumbuka lile pengo kwenye tuta, na mbuzi wa Ata waliosingiziwa.

"Nilikata ile asubuhi," baba alisema, akiangalia viatu vyake. "Nilijiambia, ikishika hapa, nitawaita. Inashika. Inatoa majani mazuri kabisa. Halafu naenda safari, nikirudi nakuta imekufa hivi. Kila mara. Nikajua hii nchi imekataa. Nitakuitaje mahali hata kiazi kinakataa? Na ningekuja kukwambia nini?"

Mama alichutama. Alipitisha kidole kwenye lile rando, kifundo baada ya kifundo, akaona tone jeupe kwenye kikonyo.

"Hii haijafa," akasema taratibu. "Hii imechumwa."

Wakati huo huo sauti ikatoka mbele, kubwa na ya furaha. "Ya salaam! Mboga! Mboga mingi imekuja!" Alikuwa Mama Poni, Msudani aliyeuza chai mlango wa pili, mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni, amesimama mbele ya mikebe yetu na mikono imetandazwa kama anataka kuikumbatia yote.

Baba alimtazama, akautazama mkebe wake, akamtazama tena. "Mama Poni. Ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Unachuma hii?"

"Si mboga?" Mama Poni alishangaa kweli kweli. "Kwetu sisi nakula hii. Mimi nasema huyu dereva mtu kwayis, mzuri sana, anapanda mboga lakini hajui kupika. Basi mimi napika. Na chai yako asubuhi mimi naweka sukari mingi, sababu ya mboga. Wewe hujui?"

"Nilifikiri ni ukarimu," baba alisema.

Mama ndiye aliyeanza. Alicheka akiwa bado amechutama, akaegemea ukuta, akaketi kabisa chini, akacheka mpaka leso ikamtoka kichwani. Baba akafuata. Mama Poni akacheka kwa sababu wengine wanacheka, na mtoto wake akaamka. Sikuwahi kuona nafuu ikipita kwenye nyumba nzima kwa mara moja namna ile, na sijaiona tena. Ilikuwa kama mvua ya kwanza, kila mtu amesimama tu na kulowa.

Jioni ile Mama Poni alituonyesha. Aliyakatakata majani, akayapika na karanga za kusaga, akaweka samaki mkavu aliyeletwa na baba kutoka kwa rafiki zake wa zamani. Tulikula sote kutoka sinia moja. Ata alitafuna muda mrefu, macho yameelekea mbali.

"Kumbe inaliwa," akasema. Akachukua tonge lingine. "Mama Akiru, umefanya mimi nalinda chakula miaka yote kwa mbuzi, na mimi nalala njaa."

Kabla giza halijaingia, mama alianza kupanga mikebe mlangoni, ya zambarau upande huu, ya ndimu upande ule. Mwisho wa mstari akakuta kopo la maziwa. Alilinyanyua. Lilikuwa zito kwa maji, maana mimi sikujua kutoboa chini, na kipande changu kilikuwa na jani moja tu, la njano, limelala.

"Hii ni ya nani? Si yangu hii."

Nilitaka kusema sijui. Lakini nilikuwa nimeshiba, na baba alikuwa pale, na ile hofu niliyoibeba ilikuwa imechoka kubebwa. "Ni mimi," nikasema. Nikamweleza yote, maneno ya Ata, punda, vyombo, mtoto kuwa wa kwao baba, na jinsi nilivyojipanda ili nipakiwe. Ata alijifanya anatafuta kitu kwenye ngozi yake.

Mama hakucheka. Alinivuta akaniweka mapajani, mimi na kopo langu, tukakaa hivyo. Kisha akamwomba baba kisu, akalipasua kopo ubavuni mpaka chini, maji yakamwagika. Akachimba shimo kwa mikono yake pale pale pembeni ya mlango, kwenye ardhi yenyewe, akalitia mavi ya mbuzi kidogo, akaniambia nishike rando nililaze mshazari.

"Wewe si wa mkebe," akasema, akigandamiza udongo juu ya vidole vyangu. "Wewe unakaa penye tunakaa."

Nililala kati yao, juu ya godoro lililotandazwa nje kwa sababu ya joto, na sikumshika baba shati. Nilisahau. Asubuhi jua ndilo lililoniamsha. Lile jani la njano lilikuwa limeanguka, lakini kifundo cha juu kilikuwa kimesimama wima, kibichi. Na baba alikuwa bado yuko pale, amelala mdomo wazi, akikoroma.